Asubuhi za Kufungwa

Juni 3, Mbalibali

Simoni ameondoka na basi la asubuhi, na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mama ameokota bakuli alilolia uji akakaa nalo kidogo kabla ya kuliosha.

Ameniachia kazi. Kila ndugu yetu akifungwa niandike siku, viungo vilivyokataa, na muda aliokaa hivyo mpaka akanyanyuka. Wale wa mfuko wa utafiti huko ng'ambo wanataka kuona ugonjwa ulivyo kabla hawajatoa chochote. Hayo nitayaandika kwenye karatasi zake. Hili daftari ni langu, la mambo ambayo hakuyaomba.

Sisi tunaita kufungwa. Mtu analala mzima, anaamka anasikia kila kitu na kuongea vizuri, lakini mikono na miguu si yake. Unaweza kuuinua mkono wake ukauachia ukaanguka kama gunia. Baadaye ugonjwa unamwachia, anasimama, anaomba maji. Baba alikuwa hivyo. Kaka yangu Ezra yuko hivyo, na Rubeni, mtoto wa baba mdogo. Wanawake wengi wa ukoo huu ugonjwa unatupita. Watu walishasema yote: tumerogwa, babu alichukua ng'ombe wa mtu aliyekufa akilalamika, wanaume wetu ni wavivu wakati wa jembe.

Simoni si wa ukoo. Kwao ni Tarime. Alipochaguliwa shule ya huku hakuwa na pa kukaa, Mama akampa kitanda cha pili chumbani kwa Ezra, akamlisha miaka yote minne. Asubuhi moja alimkuta Baba amefungwa, mimi namfukuzia nzi usoni. Hakukimbia kama wageni wengine. Alikaa chini, akamuuliza Baba maswali kama mtu mzima. Leo ni daktari, anafundisha chuo kikuu, na Mama anamwita mwanangu bila kufikiri.

"Tina," aliniambia jana, "ugonjwa wenu ni adimu. Kampuni za dawa haziutaki kwa sababu wateja ni wachache. Wanaotoa fedha za kutafiti matibabu ya magonjwa kama haya wanahesabika duniani, na tunaoomba ni wengi. Safari hii nimeona mlango. Tukiukosa sijui kama utafunguka tena."

Mfuko unataka wagonjwa wawe na mwakilishi kwenye maombi, awe na jina na sauti. Nimekubali. Mimi ni mwalimu wa Historia. Sijui madawa, lakini najua kuongea na watu wetu.

Juni 9

Ezra amefungwa, miguu tu. Kabla ya misa alikuwa amesimama. Nimeandika.

Juni 11

Upepo. Mtama unakauka vizuri. Hakuna aliyefungwa.

Juni 17

Nimekwenda Nyamongo kumtafuta Rubeni, nikiwa na karatasi ya ridhaa ya kutolewa damu. Anaishi na mkewe Neema na mtoto wao mchanga kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, na kelele za bodaboda haziishi. Nilimkuta ametoka kwenye duara, shimo lao la kuchimbia dhahabu, vumbi limemfanya mweupe mpaka kope.

"Dada, damu yangu mnaipeleka wapi?"

"Kwa Simoni. Anajenga maombi ya fedha za utafiti. Wakikubali, mtapata matibabu."

"Na wakikataa?"

"Tutakuwa tulipo."

Alicheka. Rubeni anacheka akitaka kukubali. Neema hakucheka. Aliuliza kama hicho chuo hakina hata ushauri wa kumpa mtu kwa sasa, kwa sababu mumewe akifungwa yeye hubaki anamgeuza peke yake asipate vidonda. Nikamwambia Simoni angekuwa na ushauri angekuwa ameshatupa, yule ni mtoto wa nyumbani.

Rubeni akaweka dole gumba kwenye wino.

Juni 26

Simoni alikuja jana na muuguzi, wamechukua damu za watu wote. Rubeni alikuja na pikipiki akaondoka siku ileile. Mama amechinja kuku.

Leo alfajiri Ezra aliamka amefungwa mwili wote mpaka shingo. Simoni alilala naye chumba kimoja kwa Mama, kama zamani. Alitutoa nje, akasema anataka kumpima kwa utulivu. Kabla jua halijawa kali Ezra alitoka kwa miguu yake. Kwa Ezra, kufungwa kwa shingo huchukua siku nzima. Mama alipiga magoti hapo hapo uani akashukuru. Ezra alikuwa anaangalia chini. Nikadhani ni aibu ya kuonwa.

Julai 2

Shule imefunguliwa. Wanafunzi nusu wako mashambani na wazazi. Kaka amefungwa, nimeandika kabla ya kwenda kazini.

Julai 8

Tembo wameingia kwa jirani, wamekula mtama wote wa upande wa korongo. Wanaume wanalinda kwa zamu, na madebe na tochi. Ezra ameweka jina lake. Nilimwambia asiende, akasema mwanaume anayelindiwa shamba na wengine hana haja ya kulilima.

Julai 14

Tumeanza kuvuna. Huu ndio wakati mbaya. Watu wanakata mtama kutwa, jioni wanarudi na njaa, Ghati mke wa Ezra anasonga ugali mkubwa, wanakula mpaka wanashindwa kuinuka, wanalala. Asubuhi Ezra amefungwa.

Julai 15

Ezra amefungwa.

Julai 18

Ezra amefungwa. Rubeni amepiga simu, naye alifungwa juzi huko Nyamongo, kapoteza siku ya kazi.

Julai 19

Ezra amefungwa. Ghati ameniambia, "Wifi, wewe unaandika tu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameshika kitambaa cha maji, anampangusa mumewe uso.

Julai 21, Jumapili

Nimempigia Simoni baada ya kanisa. Nikamweleza ndugu zetu wanavyofungwa, kwamba sijawahi kuona msimu mzito hivi. Nikamuuliza kama hakuna cha kufanya wakati tunasubiri, hata mti, hata chumvi, hata kupumzika.

Nilisikia akifunga mlango upande wa pili.

"Msibadilishe kitu," akasema. "Kuleni kama mnavyokula, fanyeni kazi kama mnavyofanya. Wewe andika. Hizo karatasi zako, Tina, ndizo zitakazowashawishi. Nimezisoma, ni nzuri mno. Vumilieni mpaka Septemba."

Nilijisikia vizuri. Naandika hili nikiwa bado na furaha ya kusifiwa.

Agosti 4

Rubeni amefariki.

Neema alipiga jana mchana, sikumwelewa, alikuwa analia na watu wanaongea juu yake. Nikapanda gari la mizigo linalokwenda Tarime nikashuka Nyamongo. Haya ndiyo niliyoyajua mpaka sasa, nayaandika ili yasinichanganye.

Ijumaa walipata mawe mazuri kwenye duara lao. Walikuwa wamekaa chini ya ardhi kwa zamu mbili mfululizo. Wakajipongeza kwa mama ntilie, ugali na nyama na soda, Rubeni akala kama kawaida yake, akarudi akalala. Jumamosi asubuhi alikuwa amefungwa mwili wote. Neema hakuogopa, amezoea. Kisha Rubeni akasema kifua kinakuwa kizito. Hajawahi kusema hivyo. Vijana wawili wakamweka katikati yao kwenye pikipiki, wakamfunga kwa khanga ya Neema asianguke, wakampeleka zahanati.

Muuguzi aliyekuwepo alimwona mtu aliyelegea, akaambiwa ametoka kufanya kazi ngumu, akamwekea dripu ya maji ya sukari apate nguvu. Neema anasema alikuwa mpole, alimwita Rubeni kaka, alimfunika. Dripu haikufika mwisho. Rubeni alimwambia Neema amfungulie dirisha. Dirisha lilikuwa wazi.

Sina zaidi. Neema amekaa chini kwenye mkeka, mtoto ananyonya, na yeye anatazama tu miguu ya watu wanaoingia.

Kwenye karatasi za Simoni sijui niandike nini sehemu ya muda aliokaa hivyo mpaka akanyanyuka.

Agosti 7

Tumemzika Rubeni hapa nyumbani, karibu na Baba.

Simoni alikuja. Alisafiri usiku kucha na hakulala. Alibeba jeneza pamoja na Ezra, upande wa mbele. Udongo ulipoanza kushuka alilia kwa sauti, mpaka wazee wakamshika mabega. Mama akasema, "Mwacheni, amefiwa na ndugu."

Jioni aliomba ruhusa ya Neema apige picha karatasi za zahanati. Neema akampa.

Agosti 12

Kupura mtama. Vumbi lake linawasha shingo. Ezra yuko kimya sana siku hizi, hata Ghati amesema.

Agosti 20

Ezra amefungwa. Safari hii alilia. Alikuwa hawezi kujifuta, nikamfuta.

Agosti 24

Baridi ya asubuhi imepungua. Karanga za Mama zimejaa kikapu. Nimesahihisha mitihani ya kidato cha pili, hawajui hata mkoloni aliyeanza kututawala ni nani.

Septemba 6, Ijumaa

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Simoni alikuja shuleni saa za mwisho, na gari la chuo. Walimu wengine walikuwa wameondoka. Tukakaa kwenye ngazi za maabara ambayo haina vifaa.

"Tumepata," akasema.

Nilimkumbatia. Nililia kwa ajili ya Rubeni na kwa ajili ya Ezra, vyote kwa pamoja. Yeye pia macho yalikuwa yamelowa. Kati ya maombi ya nchi nyingi, yetu yamepita. Miaka ya utafiti, familia zetu na nyingine za Tarime, mpaka Sirari, dawa bure na vipimo bure.

Kisha akasema, "Sasa naweza kuongea na wewe vizuri."

Akaniambia kuna kidonge watakachokijaribu. Si kipya. Madaktari wa macho wanakitumia kushusha presha ya jicho. Nchi za wenzetu walishawapa watu wenye kufungwa, wengi wakapata nafuu, lakini hakuna aliyewahi kukipima kwa watu wa huku.

"Kinapatikana wapi?"

"Duka kubwa la dawa. Mwanza kipo."

"Umejua lini?"

"Tangu nasoma." Alisema kama mtu anayetaja kijiji alichozaliwa. "Pia tutawafundisha chakula. Mlo mzito wa wanga usiku, baada ya kazi kubwa, ndio unaowafunga. Kuna madini ya chumvi fulani yanapungua kwenye damu. Mtu akinywa unga wake ananyanyuka haraka. Na dripu ya sukari wasiwekewe kabisa, inashusha yale madini zaidi, inaweza kusimamisha moyo."

Akaishia hapo, kwa sababu alikuwa amesikia alichosema.

"Rubeni aliwekewa dripu ya sukari," nikasema.

"Najua. Niliona kwenye karatasi za zahanati."

"Kwa hiyo msibani ulijua."

"Nilijua."

Akaanza kunieleza. Aliongea vizuri, Simoni anaongea vizuri siku zote. Mfuko ulitaka watu ambao hawajawahi kutibiwa. Ulitaka miezi ya kumbukumbu ya ugonjwa ukiwa kama ulivyo. Angesema neno moja tu juu ya ugali, karatasi zangu zingeharibika, na familia ishirini zingekosa. Wengine kidonge hicho huwazidishia, wakafungwa zaidi. "Ningempa Rubeni bila kumpima nikamuua, ungesema nini leo?"

"Ungetuambia hivyo hivyo," nikasema. "Kwamba kipo, kinasaidia wengi, kinadhuru wachache. Na ya dripu haidhuru mtu kuijua."

"Ningeanza kusema moja ningesema yote. Mngetaka kutibiwa."

"Ndiyo, tungetaka."

"Na maombi yangekufa, Tina. Nilipanga kuwaambia mwezi huu. Ni wiki chache tu zilizotuponza."

Nikamuuliza kama kifo cha Rubeni kimeingia kwenye maombi. Alikunja mikono yake. Akasema Agosti wakaguzi waliuliza kama ugonjwa huu unaua, akalazimika kujibu.

Nilimwambia aondoke. Hakuondoka mara moja. Aliniuliza kama bado nitasema kwenye uzinduzi, kwa sababu jina langu ndilo lililoandikwa.

Septemba 7

Julai 21 nilimuuliza kuhusu chumvi. Nilitaja chumvi kwa mdomo wangu.

Septemba 8, Jumapili

Nimewaambia Mama, Ezra na Ghati baada ya kanisa. Nilieleza kama ninavyofundisha, taratibu, hatua kwa hatua, kwa sababu nisingefanya hivyo nisingemaliza. Ghati aliweka mkono mdomoni nilipofika kwenye ugali. Yeye ndiye aliyekuwa akiusonga.

Mama aliuliza jambo moja. "Simoni wetu?"

"Ndiyo, Mama."

Nikamgeukia Ezra nikitegemea hasira. Ezra ana hasira ya kuogopwa. Lakini alikuwa anaangalia chini kama siku ile ya Juni, na hapo nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Aliniambia," akasema.

Ghati alisema, "Nani alikuambia nini?"

"Asubuhi ile aliyolala hapa. Alikoroga unga kwenye kikombe akaninywesha. Nikanyanyuka. Nikamuuliza ni nini hiki, akanieleza yote, ya unga na ya kidonge na ya chakula. Akaniomba, kama ndugu, nivumilie mavuno haya tu. Akasema nikimwambia Tina, Tina atavinunua kesho yake na utafiti utakufa. Nikifunga mdomo, watoto wangu na wajukuu watapata dawa bila kuombaomba." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nikaona Tina ameshatubeba vya kutosha. Nikasema mimi nitavumilia. Nilikubali kwa mwili wangu. Sikujua nakubali na kwa mwili wa Rubeni."

"Ulijua Rubeni anafungwa," nikasema.

"Nilijua."

"Ulijua ya dripu?"

"Hilo hapana. Naapa, la dripu hakunitajia."

Namwamini kuhusu dripu. Lakini nilimfuta machozi Agosti ishirini, yeye akijua kuna kikombe cha unga kinachoweza kumnyanyua, na akanitazama nikimhurumia. Ghati aliondoka uani. Mama alibaki kwenye kigoda. Nilitegemea atamkemea mwanawe. Akamwambia tu, "Nenda ukafunge ndama," na Ezra akaenda.

Septemba 12

Tumekwenda Mugumu, mimi na Ezra, hatukuongea njiani. Daktari wa hospitali, kijana, alisikiliza, akampima moyo na damu, akapiga simu kwa mwalimu wake ndipo akaandika. Kidonge kitatoka Mwanza kwa basi. Unga wa madini ametupa siku hiyohiyo, akamwonya Ezra asizidishe, ukizidi nao ni hatari. Akasema ya chakula: kidogo kidogo, asishibe sana usiku, asilale ghafla akitoka kazini.

Muda wote alikuwa anaeleza, nilikuwa nafikiri jinsi maneno yenyewe yalivyo mafupi.

Septemba 15

Simoni alikuja amevaa suti. Mama alimpokea.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

Hakusema mwanangu. Alimpa kiti, akampa chai, kwa sababu mgeni hupewa chai. Simoni akamweleza habari za wengi watakaopona, kwamba Rubeni angetaka watoto wake wapone. Akasema anaomba msamaha kwa kuchelewa.

"Ulikula hapa," Mama akasema. "Ukiugua nilikuwa naamka. Sikukuambia subiri Septemba."

"Nililia kwa ukweli siku ile, Mama."

"Nilikuona. Ndiyo maana sijui tena machozi ya mtu yanasema nini."

Simoni alimaliza chai yake. Kwenye gari aliniambia Ezra ameshaanza dawa kwa hiyo hawezi tena kuingia kwenye utafiti, na kwamba nimemgharimu mgonjwa wake muhimu kuliko wote. Aliposema mgonjwa wake nilifunga mlango wa gari, nikaufunga taratibu.

Septemba 17

Kwenye karatasi ya ridhaa chini kabisa kuna namba ya kamati ya maadili ya utafiti. Nimepiga. Mwanamke mmoja amepokea, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika alijua kabla. Akasema niandike maelezo. Nimeandika ukurasa mmoja, nikayaacha ya Ezra. Baadaye nikayaweka. Nimetuma.

Septemba 19

Wameusimamisha utafiti mpaka wachunguze. Jioni amenipigia mtu wa Sirari nisiyemjua, ana watoto wawili wa kufungwa. "Wewe ndiye mwalimu uliyetuzibia?" Nimemweleza ya chakula na ya dripu, nikamtajia jina la kidonge, nikamwambia amwone daktari kwanza, asinunue kienyeji. Alikuwa anaandika, nilisikia akirudia. Mwisho akasema, "Na nauli, na vipimo, nani atalipa sasa?"

Septemba 21

Ezra alitaka aende Nyamongo kumwambia Neema mwenyewe. Nilikwenda naye kwa sababu Mama aliniomba.

Neema anafua nguo za watu siku hizi. Alitukaribisha, akatufutia benchi. Ezra alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, hakujitetea popote. Alipofika kwenye kikombe cha unga sauti ilikatika, akaanza upya.

Neema hakulia. Alikamua shati alilokuwa ameshika mpaka likaacha kutoa maji.

"Mura," akamwambia. Hivyo huitwa kijana mdogo, na hajawahi kumwita hivyo, ni shemeji yake mkubwa. "Huo unga ni rangi gani?"

"Mweupe."

"Unakaa wapi?"

Ezra akatoa pakiti mfukoni. Neema akaiangalia, akaizungusha, akaiweka ndani ya sidiria yake kama watu wanavyoweka fedha. Akanigeukia.

"Na wewe wifi, nilikuuliza. Hapa hapa, Juni. Nikakuuliza kama hakuna ushauri."

"Sikujua, Neema."

"Ulinijibu kama unajua."

Nilitaka kusema nilimwamini kama ndugu, kwamba mimi pia nimedanganywa, tena na wawili. Mtoto akaamka ndani akaanza kulia, Neema akaenda kumchukua. Hakurudi nje. Tukasubiri, kisha tukaondoka.

Septemba 29

Mvua ya kwanza, ndogo. Watu wamefurahi bure, ardhi haijalowa.

Oktoba 5

Imenyesha usiku kucha. Jana Ezra alishinda na jembe la ng'ombe, kazi ambayo ingemlaza siku mbili. Leo nilipita kwake mapema, kabla ya jua, kwa mazoea ya kuja kuandika.

Nilimkuta ameshaamka. Alikuwa anatembea uani peku kwenye tope, anabeba maji ya ndama, ndoo kila mkono. Sijawahi kumwona kaka yangu asubuhi ya msimu wa kilimo akiwa amesimama na vitu viwili mikononi. Ghati alikuwa mlangoni anamtazama, hawaongei sana bado, lakini alikuwa anamtazama. Nilifurahi, naliandika kwa sababu ni kweli, nilifurahi mpaka nikashika uzio.

Aliponiona akaweka ndoo chini.

"Tina, ingia. Chai iko tayari."

"Nachelewa shuleni," nikasema.

Leo ni Jumamosi. Alijua, akainua ndoo zake.